Gredi Zilizowekwa na Gredi Zilizopatikana: Seti Lengwa na Taswira Mitaani Eastlands

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yanapotoka, shule za sekondari za Eastlands jijini Nairobi huyachanganua kwa jedwali la sura moja. Iwe Ofafa Jericho, Buruburu Girls, Aquinas au Eastleigh High, kichwa cha jedwali hubeba gredi 12 kwa mfuatano: A, A-, B+, B, B-, C+, C, C-, D+, D, D- na E. Chini ya kila gredi huandikwa idadi ya watahiniwa walioipata. Safu nyingine hujaa, nyingine hubaki na sifuri.

Mzazi anayelisoma jedwali hilo anaweza kuuliza kwa nini safu zenye sifuri zisifutwe. Karatasi ingepungua, na hakuna mtahiniwa ambaye angepoteza gredi yake. Ni swali la haki, na hisabati hulijibu kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya: seti lengwa ya fankisheni na taswira yake. Gredi zote 12 ni seti lengwa. Gredi zilizopata angalau mtahiniwa mmoja ni taswira. Seti lengwa hutangazwa kabla ya mtihani kufanywa, ilhali taswira haijulikani mpaka karatasi ya mwisho isahihishwe.

Tofauti hiyo huonekana ndogo kitabuni, lakini bila kuielewa mtu hukwama katika milinganyo, katika uandishi wa programu za kompyuta na hata katika usomaji wa matokeo ya shule ya jirani.

Sehemu tatu za fankisheni

Fankisheni ina sehemu tatu. Kwanza kuna seti ya kuanzia, yaani vitu vinavyosubiri kupewa thamani. Katika mfano wetu ni watahiniwa. Pili kuna seti lengwa, mkusanyiko uliowekwa mapema ambao kila thamani lazima itoke humo. Tatu kuna kanuni, nayo humpa kila mwanachama wa seti ya kuanzia thamani moja na moja tu. Taswira si sehemu ya nne. Ni tokeo la hizo tatu: thamani zote ambazo kanuni imezifikia kweli.

Kutokana na maelezo hayo, taswira haiwezi kamwe kutoka nje ya seti lengwa. Inaweza kuijaza yote, na hapo wanahisabati husema fankisheni ni kamilifu kwa seti lengwa yake. Inaweza pia kuacha mapengo. Kilichokatazwa ni mambo mawili tu: mwanachama wa seti ya kuanzia kukosa thamani, au kupata mbili.

Sharti la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtahiniwa aliyesajiliwa asifike kwenye chumba cha mtihani hawezi kupewa E, maana E ni gredi ya aliyefanya mtihani akapata pointi za chini kabisa. Wala hawezi kuachwa bila chochote, kwa sababu jina lake limo katika orodha. Baraza la Mitihani la Kenya humwandikia X. Anayepatikana na udanganyifu huandikiwa Y. Kwa maneno ya hisabati, baraza limepanua seti lengwa ili kila jina lipate mahali pa kuangukia. Ili hesabu iwe nyepesi, tubaki na waliofanya mtihani na gredi zao 12.

Pointi 84 na mikondo yake

Gredi ya wastani ya KCSE haitoki moja kwa moja kwenye karatasi za mtihani. Masomo 7 huhesabiwa, na kila somo huleta pointi kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A. Jumla ya chini kabisa ni 7, ya juu kabisa ni 84. Kati ya 7 na 84, tukizihesabu zote mbili, kuna jumla 78 zinazowezekana.

Hapo ndipo fankisheni ya pili inaposhika kazi, ile inayogeuza jumla kuwa gredi. A huchukua jumla 81 hadi 84, A- huchukua 74 hadi 80, B+ 67 hadi 73, na kuendelea hivyo hadi C+ inayochukua 46 hadi 52, D- inayochukua 11 hadi 17, na E inayobaki na 7 hadi 10. Gredi 10 za katikati zina jumla 7 kila moja, zile mbili za pembeni zina 4 kila moja: 70 ukiongeza 8 unapata 78. Hesabu imetimia, na kila gredi imefikiwa na jumla fulani. Fankisheni hii ya jumla kwenda gredi ni kamilifu: taswira yake ni seti lengwa nzima.

Sasa unganisha hatua hizo. Mtahiniwa hupewa jumla, jumla hupewa gredi. Hatua ya pili haina pengo lolote, lakini muungano wa hatua zote mbili unaweza kuwa na mapengo tele. Tuseme shule moja ya mtaa wa Umoja ina watahiniwa wachache na wote wameangukia jumla za kati ya 30 na 65. Taswira ya shule hiyo haiwezi kuzidi gredi sita: B, B-, C+, C, C- na D+. Gredi nyingine sita hazikufutwa na mtu yeyote. Zimebaki ndani ya seti lengwa bila mtahiniwa wa shule hiyo.

Kinyume chake ni kanuni inayothibitishwa katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu: ikiwa muungano wa fankisheni mbili ni kamilifu, basi ile ya mwisho lazima iwe kamilifu. Ya kwanza hailazimiki kuwa hivyo. Shule inaweza kupata gredi zote 12 bila ya kupata jumla zote 78.

Tanzania inatumia mpango wa aina hiyohiyo kwa namba zinazoelekea upande mwingine. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, somo lenye A huleta pointi 1 na lenye F huleta 5, masomo 7 bora yakahesabiwa. Jumla huanzia 7 hadi 35, na mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vyema: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Mwanafunzi wa Nairobi na wa Dar es Salaam wakilinganisha pointi bila kutaja seti lengwa ya kila mmoja, watabishana hadi jioni. Ishirini ni daraja la pili upande mmoja na gredi ya D upande wa pili.

Chenji ya kondakta

Mfano wa shule unaonyesha taswira inayopatikana kwa kusubiri matokeo. Upo mfano mwingine ambao taswira yake hutafutwa kwa kufikiri, na unapatikana katika matatu yoyote ya Jogoo Road.

Kondakta wa namba 58 ya kwenda Buruburu ana mfuko uliojaa sarafu za shilingi 20 na noti za shilingi 50. Hana kitu kingine. Nauli na chenji huenda kwa makumi, kwa hiyo seti lengwa ya chenji ni rahisi kuitangaza: 10, 20, 30, 40 na kuendelea. Swali ni je, anaweza kurudisha chenji zipi bila kukopa kwa dereva?

Makumi yanayogawanyika kwa 20 hayana shida, kwani sarafu za 20 pekee zinatosha: 20, 40, 60, 80. Makumi mengine yanahitaji noti moja ya 50 na sarafu zinazobaki: 50, kisha 70, kisha 90, kisha 110. Kwa njia hiyo kila kiasi kuanzia 40 kwenda juu kinafikiwa. Vilivyobaki ni viwili pekee, 10 na 30. Abiria aliyetoa noti ya 100 kwa nauli ya 70 ataambiwa asubiri, na ukaidi wa kondakta hauhusiki: 30 haimo katika taswira.

Mwingereza James Joseph Sylvester aliichunguza hesabu hii katika karne ya 19. Kwa namba mbili zisizo na kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1, idadi ya kiasi kisichofikiwa hupatikana kwa kupunguza 1 kutoka kila namba, kuzidisha majibu hayo, kisha kugawa kwa 2. Ukiondoa sifuri za mwisho, 20 na 50 zinakuwa 2 na 5. Moja mara 4 ni 4, nusu yake 2. Ni yale mapengo mawili yaliyokwisha kuonekana. Sarafu za shilingi 10 zikiingia mfukoni, taswira hujaa papo hapo.

Kondakta hakubadilisha seti lengwa kwa kuongeza sarafu za kumi. Chenji zinazodaiwa ni zilezile. Alichobadilisha ni seti ya kuanzia, yaani michanganyiko ya fedha aliyo nayo, na taswira ikapanuka. Hiyo ndiyo faida ya kuvitenga vitu hivi viwili: pengo likionekana, mtu hujua atafute dawa upande upi.

Taswira isiyojulikana

Chenji ya matatu humalizwa kwa dakika chache. Kuna fankisheni zinazofanana nayo ambazo zimewasumbua wanahisabati kwa miongo.

Chukua namba kamili tatu, chanya au hasi, kila moja uipandishe hadi kipeo cha tatu, kisha ujumlishe. Seti lengwa ni namba zote kamili. Mtoto wa shule anaweza kuiandika. Taswira je? Namba 29 imo, kwa kuwa 27 na 1 na 1 hutoa 29. Namba 4, 5, 13, 14, 22, 23, 31 na 32 hazimo na hazitakuwemo kamwe. Sababu ni kwamba kipeo cha tatu cha namba yoyote kamili kikigawanywa kwa 9 huacha baki la 0, 1 au 8, na mabaki matatu ya aina hiyo hayawezi kujumlishwa yakaacha 4 au 5.

Kwa 33 hapakuwa na kizuizi kama hicho, wala hapakuwa na jibu. Mwaka 2019 Andrew Booker wa Chuo Kikuu cha Bristol alipata namba tatu zenye tarakimu 16 kila moja zinazotoa 33. Mwaka huohuo yeye na Andrew Sutherland wa MIT wakapata 42, kwa namba zenye tarakimu 17, baada ya kutumia muda wa kompyuta nyingi za watu waliojitolea. Kwa 114 jibu bado linatafutwa.

Ugumu huu hauna tiba ya jumla. Mwaka 1900 David Hilbert alitaka ipatikane njia moja ya kuamua kama mlinganyo wowote wa polinomia wenye namba kamili una jibu la namba kamili. Kuuliza hivyo ni sawa na kuuliza kama sifuri imo katika taswira ya polinomia hiyo. Mwaka 1970 Yuri Matiyasevich, akijenga juu ya kazi ya Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alithibitisha kwamba njia kama hiyo haiwezi kuwepo.

Hoja hii inawajibu wale wanaosema seti lengwa ni mzigo usio na kazi, kwamba ingetosha kila fankisheni kuandikwa na taswira yake. Mtu hawezi kulazimishwa kuandika mwanzoni jambo ambalo huenda asilijue kamwe. Seti lengwa humruhusu aanze kazi.

Kambi mbili za wanahisabati

Fankisheni haikuzaliwa na seti lengwa mkononi. Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1755, aliieleza kama kiasi kinachobadilika kwa kutegemea kingine. Mwaka 1837 Peter Gustav Lejeune Dirichlet aliipanua fikra hiyo: kila thamani ya kuanzia iwe na thamani yake moja, hata pasipo fomula ya kuiandika. Hakuna kati yao aliyehitaji kutaja seti lengwa, kwa kuwa thamani zote zilikuwa namba.

Nadharia ya seti ilipokua, kambi mbili zikajitokeza. Kambi moja husema fankisheni ni mkusanyiko wa jozi: mtahiniwa na gredi yake, basi. Ukipewa jozi zote unaweza kuipata seti ya kuanzia na unaweza kuipata taswira, lakini seti lengwa huwezi kuipata, maana gredi isiyo na mtahiniwa haimo katika jozi yoyote. Kwa kambi hii, swali kama fankisheni ni kamilifu halina maana mpaka useme kamilifu kwa seti ipi.

Kambi ya pili hufunga vitu vitatu pamoja, seti ya kuanzia, seti lengwa na jozi. Vitabu vya kundi la Wafaransa lililojiita Nicolas Bourbaki viliueneza mtazamo huo katikati ya karne ya 20. Mwaka 1945 Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane wakachapisha nadharia ambamo fankisheni huchukuliwa kama mshale: kila mshale una mwanzo na mwisho wake, na mishale miwili huunganishwa tu ikiwa mwisho wa ule wa kwanza ni mwanzo wa ule wa pili. Humo seti lengwa ni sehemu ya utambulisho wa mshale. Ukiibadilisha umeunda mshale mwingine, hata kama kanuni ni ileile.

Mfano wa shuleni unatosha kuonyesha tofauti. Kanuni inayozidisha namba kwa yenyewe, kutoka namba halisi kwenda namba halisi, si kamilifu: -1 imo katika seti lengwa na haifikiwi. Kanuni hiyohiyo kutoka namba halisi kwenda namba halisi zisizo hasi ni kamilifu. Kwa kambi ya kwanza hizo ni fankisheni moja. Kwa ya pili ni mbili. Kila kambi ina hoja zake, na mwalimu anaweza kufuata mojawapo mradi asiruke kutoka moja hadi nyingine katikati ya somo.

Kambi ya pili ina nguvu zaidi pale fankisheni nyingi zinapolinganishwa. Kama kila shule ya Eastlands ingekata kichwa cha jedwali lake hadi kwenye gredi ilizopata, shule moja ingekuwa na safu 6, nyingine 9, nyingine 7, na mwaka ujao zingebadilika zote. Hakuna ambaye angeweza kuyaweka majedwali hayo kando kwa kando. Seti lengwa moja kwa shule zote ndiyo inayowezesha ulinganisho, na hilo ndilo jibu kwa mzazi aliyetaka sifuri zifutwe.

Namba za simu zilipobanana

Seti lengwa ikiwa finyu mno, taswira huanza kuisukuma. Wakenya waliliona hilo kwenye simu zao.

Kila laini ya simu hupewa namba, na laini mbili haziwezi kuwa na namba moja. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi zilianza na 07, zikifuatwa na tarakimu 8. Tarakimu 8 huruhusu namba milioni 100, na namba hizo hugawiwa kampuni za simu kwa mafungu, siyo moja moja. Watu wengi nao humiliki laini zaidi ya moja. Mwaka 2019 namba zinazoanza na 01 zikaanza kutolewa. Seti lengwa ilikuwa imepanuliwa, na nafasi mpya milioni 100 zikafunguka.

Programu yoyote iliyokuwa imeandikwa kwamba namba halali ya simu ya mkononi lazima ianze na 07 ilimkataa mwenye laini mpya, ingawa laini yake ilikuwa halali kabisa. Mwandishi wa programu alikuwa ametazama taswira ya wakati wake akaichukua kuwa ndiyo seti lengwa. Kijana wa Kayole anayejifunza kuandika programu hukutana na jambo hili mapema: aina ya thamani anayoitangaza kwa jibu la fankisheni yake ni seti lengwa, na kompyuta humshikilia kwa tangazo hilo, hata kama thamani nyingi za aina hiyo hazitatokea kamwe.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu anaweza kuona nafasi tupu kwenye fomu akadhani tarakimu zozote atakazoandika ni namba ya mtu. Namba inaweza kuwa na umbo sahihi na bado isiwe imepewa laini yoyote. Imo katika seti lengwa, haimo katika taswira.

Shule, mitaa na makundi

Fankisheni ya gredi imewekwa kwa nchi nzima, lakini inaweza kutazamwa kwa kundi moja. Gredi zilizopatikana na watahiniwa wa Buruburu ni taswira ya kundi hilo, na za Dandora ni taswira ya kundi lingine. Ukiyaunganisha makundi mawili, taswira yake ni muungano wa taswira mbili. Hapo hakuna mtego.

Mtego uko kwenye makutano. Buruburu na Dandora zinaweza kuwa na B+ zote mbili, C zote mbili na D zote mbili. Taswira zao zinakutana, ilhali hakuna mtahiniwa hata mmoja aliye katika makundi yote mawili. Thamani zinazofanana hazimaanishi watu walewale. Wanafunzi wengi huandika kwamba taswira ya makutano ni sawa na makutano ya taswira, na mfano huu unawaonyesha kwa nini wamekosea.

Mtu anaweza pia kurudi nyuma: achukue gredi aulize ni nani walioipata. Kwa C+, ambayo ndiyo gredi ya chini inayomwezesha mtahiniwa kufikiriwa kwa shahada chuoni, orodha hiyo husomwa kwa hamu katika kila nyumba. Gredi yoyote nje ya taswira ina orodha tupu. Na pale orodha zilipo, lazima baadhi ziwe ndefu: shule yenye watahiniwa 200 na gredi 12 itakuwa na gredi angalau moja iliyopatikana na watahiniwa 17 au zaidi, kwani 16 mara 12 ni 192 tu.

Taswira haisemi kila kitu

Ni muhimu pia kujua mipaka ya taswira. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka 2016, baada ya udhibiti wa mtihani kukazwa, waliopata A walikuwa 141 kati ya zaidi ya watahiniwa 570,000. Nchi nzima ilishtuka. Hata hivyo taswira haikubadilika. A ilikuwemo mwaka 2015 na ilikuwemo mwaka 2016. Mtahiniwa mmoja angetosha kuibakisha.

Taswira hujibu kama gredi imefikiwa. Imefikiwa na wangapi ni swali la mgawanyo, nalo linadai hesabu nyingine. Shule inayojivunia kuwa na A moja na shule yenye A 40 zina taswira zinazolingana kwa gredi hiyo, na kulingana huko kusitumiwe kuficha tofauti yao.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, unaongeza funzo jingine. Alama zake zilianzia 0 hadi 500. Mwaka huo mtahiniwa wa juu kabisa alipata 428. Alama 72, kutoka 429 hadi 500, zilikuwa katika seti lengwa bila mtoto yeyote nchini. Lakini mwaka 2019 alama ya juu ilikuwa 440. Kwa hiyo pengo la mwaka mmoja si ukuta. Mwingine akifanya mtihani, taswira inaweza kuingia pale ilipokuwa haijafika.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa maisha ya mitaa ya Eastlands. Mtu anayeangalia gredi ambazo shule ya mtaa imezipata kwa miaka michache, akasema hizo ndizo gredi zinazowezekana kwa watoto wa hapo, amefanya kosa lilelile la mwandishi wa programu ya 07. Mtahiniwa wa Kayole na wa shule ya kitaifa wana seti lengwa moja, na baraza halikuweka gredi za mtaa. Anayesema kwamba kwa kuwa A imo katika orodha basi kila shule ina nafasi sawa ya kuipata naye anakosea, kwa sababu kuwemo katika seti lengwa hakusemi lolote kuhusu vitabu, walimu na ukubwa wa darasa. Kosa la kwanza humnyima mtoto matarajio. La pili huwasamehe wenye wajibu wa kuiwezesha shule yake.

Wakati wa kufundisha upya

Kenya iko katikati ya mabadiliko yanayoifanya mada hii kuwa ya leo. Tathmini ya kwanza ya mwisho wa shule ya sekondari ya chini, KJSEA, ilifanywa mwaka 2025, nayo haitumii gredi 12. Ina viwango 8: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio, kila kimoja kikigawanywa mara mbili. Seti lengwa imebadilika, na kwa hiyo fankisheni ni nyingine hata kwa mtoto ambaye ujuzi wake ni uleule. Mzazi anayetafsiri kiwango cha 6 kati ya 8 kana kwamba ni pointi 6 kati ya 12 atamhuzunisha mwanawe bila sababu. KCSE ya mtaala wa zamani wa 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, kwa hiyo kwa muda familia nyingi zitakuwa na mtoto kwenye kila mpango.

Walimu wa hisabati wa Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, wana nafasi nzuri. Kabla ya kuandika kanuni yoyote ubaoni, waandike seti mbili, ya kuanzia na lengwa, na wamtake kila mwanafunzi afanye hivyo katika daftari lake. Kisha waulize swali moja kwa kila zoezi: ni mwanachama gani wa seti lengwa ambaye hakufikiwa, na kwa nini? Darasa la Umoja linaweza kulijibu kwa sarafu za 20 na noti za 50, kwa namba za simu au kwa matokeo ya shule yenyewe. Wazazi nao, wanapopewa karatasi ya matokeo mwaka huu, waanze kwa kuuliza viwango vyote vilivyowekwa ni vingapi, ndipo wasome kile alichopata mtoto wao.